Kama huwezi kuifuta, ungesema nini?

Kama wewe na mwenzi wako mmenuniana, basi soma hadi mwisho, maana na mimi nilinuna. Nilinuna siku tatu mfululizo, na chanzo kilikuwa boksi moja la kadibodi.

Ilikuwa hivi. Mimi na mume wangu tulikuwa tunadunduliza pesa za kiwanja Kigamboni. Kila mwezi kuna rejesho, na kila shilingi ina kazi yake. Jumamosi moja bwana akaingia sebuleni na boksi kalikumbatia kama mtoto mchanga, kaletewa na rafiki yake anayesoma Ulaya. Nikauliza, "Nini hicho?" Akajibu, "Mashine ya kukata santuri." Nikauliza bei. Akaanza kunieleza historia ya muziki. Wanawake wenzangu mnajua, mwanaume ukimuuliza bei akaanza na historia, hiyo bei si ndogo.

Ikaja kujulikana ni karibu laki nne. Nilisema maneno ambayo leo nisingeyasema. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikamrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu. Yeye yuko sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka nilipo! Dakika tatu nzima za matusi ya heshima, na mama yake nikamgusa humo humo. Nilipopoa nikaogopa, nikabonyeza "futa kwa wote". Ukafutika kwenye simu yangu, ukafutika kwenye simu yake. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshausikiliza.

Shika hapo kwanza, tutarudi.

Kukata santuri ni nini hasa?

Wengi wetu tumekuta santuri za baba na babu zimerundikwa juu ya kabati zikila vumbi. Tunajua zinazunguka na sindano inapita juu. Lakini kwamba mtu anaweza kutengeneza ya kwake mezani pa chakula, hilo mimi sikulijua.

Jambo lenyewe si uchawi. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni inaugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na umeme unaitikisa sindano yenye ncha kali. Sindano hiyo ikiegemezwa kwenye sahani ya plastiki inayozunguka, inachimba mfereji mwembamba sana unaopindapinda kwa kufuata sauti yako. Mfereji ni mmoja tu, unaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Ukiupitishia sindano nyingine ya kusikilizia, nayo inatikisika vilevile, na sauti inarudi. Ndiyo kusema umeichora sauti.

Kiwandani safari ni ndefu zaidi. Wanakata kwanza sahani ya alumini iliyopakwa vanishi maalumu, wanainyunyizia fedha, kisha wanaivisha nikeli kwa njia ya umeme. Ile nikeli ndiyo inayozaa muhuri wa kugandamizia plastiki ya moto, na nakala zinatoka kwa mamia. Nyumbani hakuna muhuri. Kila santuri inakatwa peke yake, kwa muda uleule wa maneno au wimbo wenyewe. Ukitaka nakala kumi za wimbo wa dakika tatu, utakaa hapo nusu saa na zaidi, na hata hivyo hazitafanana kabisa. Kwa maana nyingine, kila santuri ya nyumbani ni ya kwanza na ya mwisho.

Si mambo ya leo

Usidhani huu ni ugonjwa wa vijana wa mjini. Mashine ya Thomas Edison ya mwaka 1877 ilikuwa inarekodi na kusikilizisha vilevile. Baadaye biashara ya santuri ilipokua, kurekodi kukawa kazi ya makampuni, sisi wengine tukabaki kununua na kusikiliza. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili kampuni ya HMV iwatie kwenye santuri. Hebu fikiria, meli nzima kwa ajili ya sauti!

Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1930, kampuni kama Presto na Wilcox-Gay zikaanza kuuza mashine za kukata santuri ambazo mtu angeweza kumiliki. Familia zikawa zinarekodi watoto wakiimba na babu wakisimulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Pepsi-Cola iliwawekea wanajeshi vibanda vya kurekodia salamu kwenye santuri ndogo, zikatumwa kwa posta kwa wazazi na wachumba. Wengine hawakurudi. Sauti ilirudi.

Kiangazi cha 1953 kijana mmoja wa Memphis aliingia studio ya Memphis Recording Service, akalipa kama dola nne, akaimba nyimbo mbili, akaondoka na santuri moja, nakala pekee. Jina lake Elvis Presley. Inasimuliwa alitaka kumzawadia mama yake. Januari 2015 santuri hiyo ilinadiwa kwa dola 300,000, na mnunuzi alikuwa mwanamuziki Jack White.

Jack White huyohuyo ana kibanda cha kurekodia cha mwaka 1947 kwenye duka lake la Nashville. Unaingia, unafunga mlango, unasema yako, unatoka na santuri. Mwaka 2014 Neil Young alitoa albamu nzima aliyoirekodi ndani ya kibanda hicho, na anaianza kwa kuzungumza na mama yake ambaye alikuwa ameshafariki.

Lakini walionigusa zaidi ni vijana wa Leningrad, Umoja wa Kisovieti, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Muziki wa jazi na baadaye roki ulipigwa marufuku, na plastiki ya santuri haikupatikana. Wakachukua filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali, wakazikata duara kwa mkasi, wakatoboa tundu katikati kwa sigara iliyowashwa, wakakatia nyimbo humo. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona mbavu za mtu usiyemjua. Waliita muziki wa mifupa. Wapo waliofungwa jela kwa ajili yake. Halafu sisi tunalalamika bando limekwisha!

Santuri tano za kwanza

Turudi nyumbani. Siku ya nne ya kununa, usiku, nikamkuta bwana yuko mezani peke yake na taa, kapinda mgongo kama fundi saa. Hakunisemesha. Akanyoosha mkono tu, kashika brashi ya kupakia rangi. Nikaipokea. Kwa brashi ile ndiyo tukapatana, bila hotuba.

Kimashine chetu ni kidogo. Kinakata sahani za inchi tano, kwa mizunguko 33 kwa dakika unapata kama dakika nne upande mmoja. Santuri tupu zilikuja sita. Tano za mwanzo tuliziua kwa mikono yetu wenyewe, na kila moja ilikufa na funzo lake.

Ya kwanza tuliweka wimbo wenye besi nzito. Besi inaifanya sindano iyumbe sana kushoto na kulia, mfereji mmoja ukaingilia wa jirani yake, na wakati wa kusikiliza sindano ikawa inaruka kama panzi. Ndiyo sababu viwanda vinapunguza besi wakati wa kukata, kisha redio ya nyumbani inairudisha wakati wa kusikiliza.

Ya pili sauti ilikuwa ndogo mno, tukasikia mkwaruzo mtupu. Ya tatu meza yetu ilikuwa imelala upande, ikabidi baadaye tuweke kadi ya harusi ya jirani chini ya mguu mmoja. Ya nne ni kosa langu, niliacha kupiga brashi. Sindano inapokata inatoa uzi mwembamba kama unywele, na usipouondoa unajisokota kwenye ncha. Ya tano nilisema mwenyewe "shikamoo mama" nikiwa nimeikumbatia maikrofoni. Hizo "s" na "sh" ni balaa kwenye santuri, zinatoka kama mtu anakaanga samaki. Kaa mbali kidogo, sema kwa upole.

Ikabaki moja.

Hapo ugomvi wa pili ukaanza. Bwana alitaka wimbo uliopigwa tulipoingia ukumbini siku ya harusi. Mimi nikamwambia, "Wimbo ule si upo kwenye simu yako, na kwenye yangu, na kwenye flashi ya gari? Tuweke kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu yeyote." Akanyamaza. Nikamuona anafikiri. Kisha akasema neno moja: "Bibi."

Bibi hataki simu

Bibi yake yuko Pangani, miaka themanini na ushee, ndiye aliyemlea. Huwezi kumrekodi kwa simu. Miaka michache nyuma mjukuu mmoja alimrekodi kimya kimya anazungumzia shamba la minazi, akarusha kwenye kundi la ukoo. Kabla ya magharibi ndugu wawili hawasalimiani, na mpaka leo hawasalimiani. Tangu siku hiyo bibi akiona simu imeinuliwa anafunga mdomo na kuvuta mtandio.

Tukasafiri. Mashine kwenye begi, powabanki mbili, na mikisa ndogo tuliyoazima kwa rafiki yetu mshereheshaji. Tulipofika nikapiga goti, "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu, hujanenepa tu? Huyu mume wetu hakulishi?" Bibi kwangu ni utani kwenda mbele.

Bwana akamweleza. Bibi akaiangalia mashine muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Na hii inarushwa?"

"Hairushwi bibi. Iko moja tu. Mwenye kutaka kuisikia lazima aje ilipo."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea imekosewa, bibi. Haifutiki."

Nilidhani atakataa. Akaomba apewe mpaka baada ya alasiri. Akaoga, akabadili nguo, akavaa kanga mpya, akakaa mkekani kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasi ya kusafiria. Nikashika brashi. Bwana akashusha sindano, akampa ishara.

Bibi akaanza kusalimia. Akatoa salamu za dini. Akamsalimia mtoto wake wa kwanza, na mkewe, na watoto wao mmoja mmoja. Akaenda wa pili. Akafika Tanga mjini, akaja Dar es Salaam, akavuka Mombasa, akapanda hadi Muscat kwa watoto wa dada yake. Akawasalimia hata waliotangulia mbele ya haki. Wale ndugu wawili wasiosalimiana aliwataja kwa pamoja, kwa pumzi moja, akaongeza, "Nyote wawili nimewasalimia, sasa na nyinyi salimianeni." Bwana ananionyesha saa, dakika mbili na nusu zimekwenda kwa salamu tu. Nikamfinya.

Ndipo bibi akasema, "Sasa nawaambieni jambo. Mume wangu, babu yenu, alikuwa na hasira. Na mimi nilikuwa na mdomo. Mwaka mmoja tukagombana, akaondoka kwenda Unguja, akakaa miezi saba. Nikajua ndiyo basi. Siku aliyorudi nilikuwa nafua pale kisimani. Nikamuona anakuja na kikapu. Hakusema kitu. Mimi nikanyanyuka, nikamwambia..."

Sindano ikafika mwisho. Mfereji umekwisha, sahani imejaa.

Bibi akaona bwana anainua mkono wa mashine. Akanyamaza palepale. "Imetosha?" Tukamsihi amalizie tu, hata bila mashine. Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Si mlisema dakika nne? Basi. Mengine mtayafuata hapahapa."

Tulichojifunza

Wapendwa, tumeisikiliza santuri ile mara tatu tu. Santuri za nyumbani zinachakaa upesi kuliko za kiwandani, kila sindano inapopita inakula kidogo. Kwa hiyo haisikilizwi wakati wa kuosha vyombo. Tunazima televisheni, tunakaa chini wawili, tunasikiliza hadi pale inapokatika. Halafu tunabishana bibi alimwambia nini babu. Bwana anasema alimwambia "karibu". Mimi nasema alimwambia "chakula kiko wapi?" Tumerudi Pangani mara mbili, bado hajatuambia. Nadhani hana mpango wa kutuambia, anapenda tuje.

Na zile salamu? Ndizo watu wanazozifunga safari. Mmoja wa wale ndugu wawili alikuja kwetu Jumapili, akasikia bibi anamtaja pamoja na mwenzake. Hakusema kitu, akaomba maji ya kunywa. Alipoondoka aliuliza namba ya simu ya ndugu yake bado ni ileile. Sijui kama alipiga. Lakini aliuliza.

Mimi nimebaki na fikra moja. Bibi alipoambiwa haifutiki na hairushwi, aliomba muda, akaoga, akavaa, akachagua. Mimi nilipojua naweza kufuta, sikuchagua kitu. Nilimwaga tu. Na sote tunafanya hivyo siku hizi: tunasema ovyo kwa sababu kuna kitufe. Lakini moyo wa mwenzako hauna kitufe. Mtu akishasikia, mfereji umeshachimbika. Unaweza kuomba msamaha, na ni lazima uombe, ila sindano ikipita tena pale itagusa tu.

Sisemi mnunue mashine. Nasema kabla ya kumwambia mpenzi wako neno zito, jiulize kama ungekubali likatwe kwenye santuri moja ya inchi tano, ikae kabatini kwenu miaka arobaini.

Ukitaka kujaribu na mwenzi wako

Kwanza, kubalianeni bei kabla ya boksi kuingia nyumbani. Hili nimelipigia mstari. Ujue kwamba zipo mashine za kitaalamu za maelfu ya euro, na zipo ndogo. Mwaka 2022 kampuni ya Teenage Engineering ya Sweden, kwa kushirikiana na msanii Yuri Suzuki, ilitoa ndogo ya kujiunganishia mwenyewe kwa dola 149.

Pili, usitegemee sauti ya studio. Ni ya mkwaruzo, ya upande mmoja, kama redio ya zamani. Sauti ya mtu anayezungumza inakubali kuliko muziki mzito.

Tatu, jambo muhimu liseme mwanzoni. Ukingoni mzunguko ni mrefu, sauti ina nafasi ya kutosha. Kadiri unavyokaribia katikati mzunguko unafupika na sauti inafifia.

Nne, ukibahatika kupata zile sahani za vanishi za zamani, ziweke mbali na mishumaa ya chakula chenu cha jioni. Vanishi ile na nyuzi zake zinashika moto haraka sana. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani hizo, kiliteketea chote.

Tano, mzee akikubali kusema, muache asalimie.

Na mimi? Rafiki wa bwana amerudi likizo na santuri tupu nyingine kumi. Safari hii bei niliuliza mimi kwanza. Moja nimeikata peke yangu, mchana, bwana akiwa kazini, baada ya kuandika maneno kwenye karatasi na kuyafuta mara nne. Ni dakika moja na nusu, na mama yake yumo, safari hii kwa heshima zake. Nimeiweka juu ya mto wake. Alichosikia humo sikuambii, mpenzi msomaji. Ipo moja tu, na si yako.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na mseme taratibu.